Nani Huvusha Mafuta Ndani ya Jicho? Maswali ya Wasomaji na Majibu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi juu ya seli za jicho zinazopokea mwanga, na humo tukagusia kwamba zipo protini ambazo kazi yake ni kuhamisha lipidi, yaani molekuli za mafuta, kutoka upande mmoja wa utando wa seli hadi upande wa pili. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala nzima. Tumechagua sita.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu kijana wa biolojia katika shule ya sekondari. Kitabu ninachofundishia kinasema kwamba utando wa seli ni kama kimiminika, na kwamba lipidi zake husogea huku na huko bila kizuizi. Ikiwa zinasogea zenyewe, protini za kuzivusha ni za nini? Wanafunzi wangu waliniuliza hivyo, nami nikawaahidi jibu.

Jibu: Marahaba. Kitabu chako hakikukosea, ila kimesimulia nusu ya habari. Utando wa seli una matabaka mawili ya fosfolipidi yaliyolaliana. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta inayoyakimbia, kwa hiyo mikia ya matabaka yote mawili huelekeana katikati, na vichwa hutazama maji, vya tabaka moja nje na vya tabaka la pili ndani. Molekuli ikiwa katika tabaka lake husogea kwa wepesi wa ajabu, ikibadilishana nafasi na jirani zake mamilioni ya mara kwa sekunde moja. Hilo ndilo Singer na Nicolson walilolieleza mwaka 1972, na ndilo vitabu vya shule vinalolirudia.

Kuhama kutoka tabaka moja hadi la pili ni habari nyingine kabisa. Ili ivuke, molekuli haina budi kukiburuta kichwa chake, ambacho kwa kawaida kina chaji ya umeme, katikati ya mafuta yasiyokitaka. Mwaka 1971 Kornberg na McConnell walipima mwendo huo katika vifuko vya fosfolipidi vilivyotengenezwa maabarani, wakakuta kwamba unahesabiwa kwa saa wala si kwa sekunde. Waambie wanafunzi wako wafikirie jengo la ghorofa lililojengwa bila ngazi: wakazi wa juu wanatembeleana siku nzima, wa chini vilevile, lakini wa juu na wa chini hawakutani.

Protini za kuvusha ndizo ngazi zenyewe, nazo ni za aina tatu. Flipasi huvusha lipidi kuelekea upande wa saitoplazimu, yaani ndani ya seli, na hutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Flopasi huzitoa upande huo na kuzipeleka upande wa pili, nazo pia hulipia kwa ATP. Skramblasi hufungua njia tu. Lipidi hupita kwenda na kurudi bila malipo yoyote, hadi pande zote mbili zilingane.

Sasa tuingie katika retina, yaani tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, maana hapo ndipo jambo hili linapokuwa la lazima. Chukua seli fimbo moja, ile inayotuwezesha kuona katika mwanga hafifu. Sehemu yake ya nje imejaa visahani vipatavyo 1,000 vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kila kisahani ni mfuko wa utando uliobonyezwa hadi ukawa bapa, umefungwa pande zote, na ndani yake kuna nafasi nyembamba isiyo na njia ya kutokea. Utando wa kisahani umesheheni rodopsini, ambayo ni protini iitwayo opsini ikiwa imeikumbatia retinali, molekuli ndogo itokanayo na vitamini A. Retinali hiyo imepinda. Mwanga ukiigusa, hunyooka kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na kunyooka huko ndiko kunakoanzisha ishara inayofika kwenye ubongo. Retinali iliyonyooka haina kazi tena pale ilipo. Huachana na opsini na kuingia katika mafuta ya utando.

Tatizo huanzia hapo. Retinali ni aldehidi, na aldehidi hushikamana haraka na vikundi vya amini. Utando wa kisahani una lipidi nyingi yenye kikundi hicho kichwani, iitwayo fosfatidiletanolamini. Zikikutana, huungana na kuwa kitu kimoja. Ikiwa wamekutana katika tabaka linalotazama saitoplazimu hakuna neno: kifungo hicho huachia, na kimeng'enya kilichopo jirani huigeuza retinali kuwa retinoli, ambayo husafirishwa hadi tabaka la seli zenye rangi lililo nyuma ya retina, hupindwa upya huko, kisha hurudishwa kazini. Lakini wakikutana katika tabaka linalotazama ndani ya kisahani, retinali imenaswa. Sasa ina kichwa cha fosfolipidi, na kama tulivyoona, kichwa hakivuki chenyewe. Kimeng'enya nacho kiko upande wa pili, hakiwezi kuifikia.

Protini iitwayo ABCA4 ndiyo huiokoa. Imekaa kwenye ukingo wa kisahani, hushika mchanganyiko huo wa retinali na lipidi upande wa ndani, hutumia ATP, na kuuachilia upande wa saitoplazimu. Protini nyingi za ukoo wa ABC katika mwili wa binadamu huvitoa vitu nje ya saitoplazimu. Hii hufanya kinyume, inavileta. Papermaster na wenzake waliiona katika seli fimbo za chura mwaka 1978, wakajua ilipokaa lakini si ilichofanya. Jeni yake ilitambuliwa mwaka 1997, na ilipofika mwaka 2012 maabara ya Robert Molday katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, ilionyesha moja kwa moja kwamba huvusha lipidi kuelekea upande huo. Kwa maoni yangu, miaka hiyo 34 inawafaa wanafunzi wako kuliko jina lolote la kemikali katika jibu hili.

Swali: Ndugu Mhariri, ninasoma shahada ya kwanza ya biokemia. Nimesikia kwamba opsini yenyewe, licha ya kupokea mwanga, ni skramblasi. Ikiwa utando umejaa skramblasi inayopitisha lipidi pande zote bila kukoma, ABCA4 inahitajika kwa lipi? Na je, skramblasi haibatilishi kazi ya flipasi?

Jibu: Umesikia sawasawa. Mwaka 2011 kundi la mtafiti Anant Menon lilichukua opsini iliyosafishwa, likaipandikiza katika vifuko vya fosfolipidi, na likaona lipidi zikivuka kwa kasi isiyoelezeka kwa njia nyingine. Makadirio ni zaidi ya lipidi 10,000 kwa sekunde kwa kila molekuli ya opsini. Hakuna ATP iliyotumika, na mwanga haukuhitajika. Ni ajabu kweli kwamba protini iliyochunguzwa kwa zaidi ya karne nzima kwa sababu ya mwanga ilikuwa na kazi ya pili ambayo gizani haipungui.

Faida ya kazi hiyo ya pili inaelezeka kwa hesabu ya kawaida. Kila mara ABCA4 inapovusha mzigo wake, lipidi moja imepungua katika tabaka la ndani na moja imeongezeka katika tabaka la nje. Shona vitambaa viwili vya ukubwa mmoja pamoja, kisha ongeza uzi upande mmoja tu: nguo itajikunja. Kisahani ambacho kinatakiwa kibaki bapa hakiwezi kustahimili hali hiyo, kwa hiyo inapendekezwa kwamba opsini ndiyo inayorudisha ulinganifu, kwa kuruhusu lipidi za kawaida zirejee upande uliopungukiwa.

Kwa hiyo neno "kubatilisha" silikubali. Skramblasi haichagui wala haisukumi, inasawazisha tu. Flipasi huchagua mzigo na kuusukuma upande mmoja. Kama skramblasi peke yake ingetosha, panya waliozalishwa bila jeni ya ABCA4 wangekuwa wazima, maana opsini wanayo tele. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kinyume: baada ya mwanga mkali, retina za panya hao zilibakia na retinali iliyonyooka na mchanganyiko wake na lipidi kwa wingi usio wa kawaida, na macho yao yalichelewa kuzoea giza.

Uchelewaji huo unaufahamu, hata kama hujawahi kuupa jina. Ukitoka juani na kuingia chumba chenye giza, kwanza unapapasa ukuta. Baada ya dakika chache unaona umbo la kiti, na kama nusu saa baadaye unaona hata mikunjo ya pazia. Muda wote huo retinali inakusanywa, inapindwa upya na kurudishwa katika opsini. Mvushaji akiwa mgonjwa, muda huo hurefuka.

Usisahau pia kwamba ABCA4 si flipasi pekee katika seli hizi. Iko nyingine, ATP8A2, ya ukoo tofauti kabisa, ambayo huvusha fosfatidilserini na fosfatidiletanolamini kuelekea upande wa saitoplazimu. Panya wasio nayo, seli zao za kupokea mwanga hudhoofika na kufa. Kwa binadamu, kasoro za jeni hiyo hugusa zaidi ubongo: mtoto hukosa uwiano wa mwili na hushindwa kutembea sawasawa.

Swali: Kwa nini seli ijisumbue kuificha fosfatidilserini upande wa ndani? Lipidi ni lipidi.

Jibu: Kwa sababu lipidi hiyo ikionekana nje, seli jirani huisoma kama ruhusa ya kula. Katika sehemu nyingi za mwili ndivyo seli inayokufa inavyojitangaza ili isafishwe. Seli fimbo wameifanya alama hiyo kuwa utaratibu wa kila siku. Visahani vipya huzaliwa chini ya rundo, vya zamani husukumwa kuelekea nchani, na kila asubuhi, mwanga unapoanza, ncha hufichua fosfatidilserini na kumezwa na seli za tabaka lenye rangi. Rundo zima hubadilishwa kwa takriban siku 10. Panya wa maabara ambao seli zao za tabaka hilo haziwezi kumeza, kwa sababu ya hitilafu katika jeni iitwayo MERTK, hupofuka wakiwa bado wadogo. Ncha ambazo hazikuliwa hurundikana na kuwa takataka. Kuificha na kuifichua kwa wakati wake, basi, si jambo dogo.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 14. Amekuwa akishindwa kusoma ubaoni hata akikaa mbele, na miwani haikumsaidia. Mtaalamu wa macho ametuambia ni ugonjwa wa Stargardt na kwamba ameurithi. Baba na mama wanaona vizuri, na hakuna kipofu katika ukoo wetu. Shangazi amemnunulia vidonge vya vitamini A na anasisitiza avitumie kila siku. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, na poleni sana nyumbani. Nianze na la haraka: vidonge hivyo asivitumie, na shangazi aelezwe kwa upole, kwa sababu nia yake ni njema na katika magonjwa mengine ya macho ushauri wake ungekuwa sahihi. Mtu aliyepungukiwa vitamini A huona vibaya gizani, naye huponywa kwa vitamini A. Mdogo wako hakupungukiwa. Jicho lake linashindwa kuondoa mabaki ya vitamini hiyo, kwa hiyo kumwongezea dozi kubwa ni kuongeza mzigo kwa mvushaji ambaye tayari ameelemewa. Chakula cha kawaida, pamoja na mboga, aendelee nacho. Linalokatazwa ni vidonge vya ziada.

Ugonjwa huu umepewa jina la Karl Stargardt, daktari wa macho wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1909, na katika hali nyingi chanzo chake ni kasoro katika jeni ya ABCA4 ile ile tuliyoizungumzia katika jibu la kwanza. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 8,000 hadi 10,000. Kuhusu wazazi wako, kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na nakala moja nzima inatosha kulilinda jicho. Inaelekea kila mmoja wao ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, bila kujua, na mdogo wako akarithi zile mbili zenye kasoro. Uwezekano wa jambo hilo kwa kila mimba ni asilimia 25. Hakuna aliyekosea, na wala halikutokana na kusoma usiku au kutazama simu.

Kinachotokea ndani ya jicho lake ni hiki. Mchanganyiko wa retinali na lipidi usipovushwa kwa wakati, hubaki ndani ya kisahani ukingojea, na katika kungojea huko hukutana na retinali nyingine na kuungana nayo pia. Sasa retinali mbili zimefungwa katika lipidi moja, na fundo hilo halifunguki. Asubuhi ncha ya seli inapomezwa, fundo humezwa nayo. Seli inayomeza ina vimeng'enya vikali vinavyoweza kusaga karibu kila kitu, na kweli huukata mkia wa lipidi, lakini hubaki kitu kiitwacho A2E, na hicho haina namna ya kukisaga. Seli za tabaka hilo hazigawanyiki ili kuzaa mbadala wake, kwa hiyo takataka ya leo huwekwa juu ya ile ya jana mwaka baada ya mwaka, hadi seli yenyewe inalemewa na kufa. Seli za kupokea mwanga zilizokuwa zikiitegemea hufa baada yake.

Bila shaka mtaalamu alimpiga mdogo wako picha za nyuma ya jicho. Madoa ya njano yanayoonekana humo, na mng'ao unaotokea sehemu hizo zikimulikwa kwa mwanga wa samawati, ni dalili za mrundikano huo. Nimewahi kuonyeshwa picha ya namna hiyo karibu na picha ya jicho lisilo na ugonjwa, na nakiri kwamba baada ya kuiona sikuhitaji tena mchoro wa kemia.

Uharibifu huanza katikati ya retina, mahali tunapotumia kusoma na kutambua nyuso, na mara nyingi uoni wa pembeni hubaki. Ndiyo maana anaweza kutembea bila kugongana na vitu na papo hapo ashindwe kusoma ubao, jambo ambalo watu wasiojua hulitafsiri kuwa uvivu au kujifanya. Walimu wake waelezwe hivyo wazi. Maandishi makubwa, kikuza maandishi na programu za simu zinazosoma maandishi kwa sauti humsaidia mwanafunzi wa namna hii kweli. Madaktari hushauri pia miwani ya jua na kofia yenye ukingo penye mwanga mkali, na ushauri huo una mantiki: kila chembe ya mwanga inayopokewa huachia retinali moja ya kuvushwa.

Swali: Nimesikia kuna tiba ya jeni inayorudisha uoni kwa watu waliozaliwa na upofu wa retina. Kwa nini haitumiki kwa wagonjwa wa Stargardt?

Jibu: Tiba unayoisema ni Luxturna, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017, nayo ni ya jeni nyingine iitwayo RPE65, jeni ya kimeng'enya kinachoipinda retinali upya. Jeni nzima hupakiwa katika kirusi kidogo kisichodhuru na kudungwa chini ya retina. Kirusi hicho hubeba herufi zipatazo 4,700 za DNA. ABCA4 ina amino asidi 2,273, na kila amino asidi huandikwa kwa herufi tatu. Zidisha, utapata zaidi ya 6,800. Mzigo hauingii katika chombo.

Watafiti wanajaribu kuukata katika vipande viwili, kila kipande katika kirusi chake, ili viungane ndani ya seli. Wengine wanajaribu kusahihisha herufi moja iliyokosewa mahali pake badala ya kuleta jeni nzima, na wengine wanatafuta dawa za kupunguza kasi ya vitamini A kufika kwenye retina. Hadi tunapoandika haya, hakuna hata moja ya njia hizo ambayo imekuwa tiba ya kawaida ya hospitali, na anayekuuzia dawa ya kuponya Stargardt leo anakudanganya.

Swali: Mafuta ya samaki husifiwa kwamba yanajenga macho. Yanafikaje kwenye retina ikiwa mafuta hayavuki tando yenyewe?

Jibu: Kinachosifiwa ni asidi ya mafuta iitwayo DHA, yenye kaboni 22 na vifungo pacha sita. Vifungo hivyo huufanya mkia wake ujipinde na kutikisika, na utando wenye DHA nyingi huwa laini, jambo linaloifaa rodopsini, ambayo hubadilika umbo inapopokea mwanga. Katika visahani vya retina DHA ni sehemu kubwa ya mikia yote ya fosfolipidi, kiwango kisicho cha kawaida katika sehemu nyingine za mwili.

Nayo ina mvushaji wake. Protini iitwayo MFSD2A, ambayo kazi yake ya kupeleka DHA kwenye ubongo ilithibitishwa mwaka 2014, hufanya kazi hiyo pia katika mpaka kati ya damu na jicho. Hii haitumii ATP. Huendeshwa na chumvi, kwa kuwa ayoni za sodiamu zinazoingia ndizo huuvuta mzigo. Tena haichukui DHA ikiwa peke yake: huitaka iwe imefungwa katika fosfolipidi iliyobaki na mkia mmoja tu. Kwa hiyo asidi iliyomo katika tone la mafuta ya samaki humeng'enywa tumboni, hupitia ini, huunganishwa na kichwa kinachofaa, na ndipo mlango wa jicho huifungukia.